Koti la Mvua Kutoka Yaan

Ofisi ya mizigo pale Ibra, Oman, ilikuwa bado imefungwa, na Fawziya keshasimama mlangoni, kama jana na kama juzi. Kiti kilikuwa kimoja tu, cha mlinzi. Jirani yake, Badria, alibaki garini, kiyoyozi kikinguruma.

"Njoo ukae, we Fawziya. Hawa hawafungui mpaka wameota jua."

"Nikikaa watasema sikuja."

Alifuata sanduku la nguo za mwanawe. Laith alikwenda China kusomea kilimo, katika mji wa milimani uitwao Yaan, akafa huko kwa homa ya mapafu. Waislamu wa kule walimuosha, wakamzika mlimani, mama yake hajapata hata viza. Kilichorudi ni sanduku, nalo limezuiliwa hapa.

Mlango ulipofunguliwa, Azzam, kijana wa dirishani, alimwamkia kabla hajakaa. "Shikamoo, khala."

"Marahaba. Leo vipi?"

"Vilevile. Mkaguzi kasema nguo zimeota kuvu. Mzigo wenye kuvu hautoki, unachomwa."

"Ni mvua tu hiyo, mwanangu. Nitazifua nizianike. Kwa jua letu hili, kuvu gani itabaki?"

"Mimi najua, khala. Mudiri ndiye hataki."

Fawziya angeweza kumweleza yote, maana Laith alimsimulia kwa simu. Kwamba mji ule umekaa pale tambarare inapogota kwenye milima mirefu, mawingu yakifika hayana pa kupita, yanamwaga. Wenyewe husema mbingu zilitoboka zamani zikazibwa, tundu moja likasahauliwa juu ya vichwa vyao. Laith alimpelekea picha ya njia ya mawe ya wachukuzi wa chai, waliokuwa wakipanda kwenda Tibet na mizigo mgongoni. Hawakuweza kuketi, akiketi mtu, hainuki tena. Wakipumzika wamesimama, mzigo wameuegemeza kwenye gongo, na yale magongo yametoboa mawe. "Nguo zangu hazikauki, Mama," alisema. "Karibu nitaota kuvu mwenyewe." Akacheka, kisha akakohoa. Kicheko na kikohozi vyote bado vimo ndani ya simu yake.

Mudiri, Abdullatif, mkuu wa ofisi, alitokeza na kikombe cha kahawa. "Huyu bado yupo?"

Azzam alimsogezea Fawziya karatasi. Aliisoma polepole. Mwenye mzigo anaomba uteketezwe.

"Nani kaomba?"

"Ndivyo inavyoandikwa," Abdullatif alisema. "Usipotia sahihi, utalipia ghala kila siku, na mwisho mzigo utachomwa vilevile. Khalas."

"Basi nifungulieni nizione. Mwanangu mwenyewe sikumuaga."

Abdullatif aliinua mabega, simu yake ikalia, akarudi ndani.

Azzam alifungua sanduku. Harufu ilitoka kama ya mtungi uliosahauliwa na maji ndani. Kanzu zake za dishdasha zilikuwa na madoa ya kijani. Chini yake palikuwa na koti la mvua, la buluu, kola imechakaa. Fawziya alilikung'uta, akalivaa juu ya baibui, akafunga vifungo mpaka shingoni. Mikono ilimfunika vidole.

"Khala, hilo ni la mzigo."

"Mzigo uko sandukuni. Hii nguo nimeivaa. Kama unaweza kumvua mama yako mbele za watu, nivue."

Azzam alimtazama, kisha akatazama mlango wa mudiri. Aliinama akafunga sanduku, taratibu, bila kulibamiza.

Fawziya aliirudisha karatasi, haina sahihi. "Hizo nyingine mtachoma, mna nguvu. Lakini msiandike kuwa mimi nimeomba."

"Azzam," sauti ya Abdullatif iliita kutoka ndani, "keshatia sahihi?"

Fawziya alikuwa keshafika mlangoni.

Nje jua lilipiga mpaka lami ikanuka. Wanaume wawili mbele ya duka la simu walimtazama, kisha wakatazama mbinguni. Jasho lilianza kumshuka mgongoni kabla hajalifikia gari.

"Ee, Fawziya," Badria alisema, "mvua iko wapi?"

Aliingia, akafunga mlango, akaweka mikono ya koti magotini. Badria alimwona uso unavyotiririka, akanyoosha mkono kuongeza kiyoyozi.

"Zima," Fawziya alisema. "Acha nilowe."