Sauti ya Persis Yabaki Kazini

Saa ya chakula cha mchana ilipofika, Persis alikohoa kidogo, akaiweka sauti yake ndani ya mkono wa simu katika duka la mbolea la Mzee Onyancha alikoajiriwa kupokea simu, mjini Kisii. Kisha akateremka hadi soko la Daraja Mbili kumnyonyesha mwanawe mchanga Kerubo, aliyemwacha kwa wifi yake Mong'ina kwenye meza ya kuuzia ndizi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Sauti ilipokea oda za wakulima hadi wa Gesima. Persis alinyonyesha kimya, na aliporudi aliitwaa sauti yake kama mtu atwaavyo sweta kitini.

Siku moja Onyancha alipiga simu dukani kwake akiwa benki, akahudumiwa upesi. Alipofika, akakuta kiti kitupu na sauti inauza. Alifurahi kuliko siku aliyochaguliwa mzee wa kanisa. Akaifunga simu kwa kufuli, sauti ikiwa ndani, akamngoja Persis mlangoni amemshikia mkoba.

"Binti yangu, nenda nyumbani. Si ulitaka muda wa kunyonyesha?"

Persis alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mong'ina akaenda kumsemea.

"Mzee, utamfutaje mtu ubaki na sauti yake?"

"Nani amefutwa? Sauti iko kazini. Haili, haiendi choo, haina mtoto."

"Basi ilipe mshahara!"

"Iniombe yenyewe."

Wote wawili wakaiinamia simu. Sauti ikasema kwa adabu ileile aliyofundishwa Persis: "Duka la Onyancha, nikusaidie?"

"Umesikia?" akasema mzee. "Haina malalamiko."

Jumamosi duka lilifungwa kwa heshima ya Sabato, nayo sauti ikaendelea kupokea oda ndani. Muumini mmoja alipouliza, Onyancha alimfungulia Biblia: amri inamtaja mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni. Sauti haikutajwa. Kanisa likasema amina.

Huko nyumbani Kerubo alikataa kulala, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwimbia. Jumatatu Persis alimbeba hadi kibanda cha simu cha posta, akatumbukiza sarafu, akamwekea mkono wa simu sikioni.

"Duka la Onyancha, nikusaidie?"

Kerubo alicheka, akageuza kichwa kutafuta titi kwenye ile plastiki nyeusi. Sauti ikasita, kama mtu anayetaka kukumbuka wimbo.

"Mteja," ikasema, "kama huna oda, kata simu. Wengine wanangoja."

Waliokuwa kwenye foleni nje ya kibanda walisema vivyo hivyo. Persis akatumbukiza sarafu nyingine.