Mteja wa Swali la Tisa

Mtihani wa kupata cheti cha ushauri nasaha ulifanyika Kitui mjini mwaka wa 1993, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa shule moja ya wasichana. Nje ya dirisha wapishi walikuwa wakichambua maharagwe. Watahiniwa walikuwa wanafunzi wa uzamili, watu wazima wenye vitambi na wajukuu njiani, na bado walihesabu kalamu zao kama watoto wa shule ya msingi. Aliyekuwa na la kupoteza zaidi ni Syokau wa Mbooni. Kanisa lake lilikuwa limemjengea chumba cha ushauri kule mjini Wote, likakipaka rangi, likaweka viti viwili, na mchungaji akasema bila cheti hatakalia hata kimoja.

Swali la tisa lilimhusu Bi. K., mkulima wa Kyuso, aliyelia kila siku tangu mashemeji watishie kumfukuza shambani. Mshauri afanye nini kwanza? Majibu yalikuwa manne, yote ya mume: amwite mume, amwandikie mume, amsubiri mume, au amrudishe mteja kwa mume. Syokau alilisoma tena kwa sababu alimhurumia, jambo ambalo mwalimu wake alikuwa amemwonya asilifanye. Bi. K. akatoka kwenye karatasi, akakung'uta leso yake, akaketi pembeni mwa dawati akilia.

Msimamizi, Bwana Kivuva, alikuja akauliza kama mama huyo ana namba ya mtihani. Hakuwa nayo. Basi akamwambia asiguse kalamu, alie polepole, na akumbuke kwamba katika chumba cha mtihani Kikamba hakiruhusiwi. Jirani yao Mulei akalalamika kwamba machozi yanalowesha karatasi yake, na Kivuva akamsaidia kusogeza dawati.

K. ilikuwa ya Kalondu. Alitaka kujua wameandika nini juu yake, kwa kuwa Kiingereza hakukijua, na Syokau akamtafsiria.

"Bwana gani?" Kalondu akauliza. "Mimi niliolewa na mama. Mama Ndululu. Yeye hakupata mtoto, akatoa mbuzi wa mahari kwetu, nikamzalia watoto watatu. Sasa amekufa, na shemeji zake wanasema ati mimi ni mgeni tu."

Hakuna Mkamba asiyejua jambo hilo. Mwanamke asiyejaliwa mtoto akioa mke, mke huyo na wanawe ni wa boma, basi. Hata mmoja wa waliotunga mtihani alizaliwa katika boma la namna hiyo, lakini kitabu alichotungia kilitoka ng'ambo, naye aliona aibu kukikosoa.

Syokau akaweka kalamu chini. Alimsikiliza Kalondu hadi machozi yakakauka, kisha akamuuliza nani walikula nyama siku mbuzi wale walipochinjwa. Kalondu akafikiri. Ni shemeji hao hao, akasema, tena walilamba vidole. Akaanza kucheka, Kivuva akamkanya, naye akaaga na kutokea mlangoni kama mtu yeyote, akaenda Kyuso kuwakumbusha mbele ya wazee wa ukoo kwamba aliyekula mbuzi wa mahari ameikubali ndoa. Wazee walimwachia shamba lake, naye akapanda ndengu.

Syokau alianguka mtihani. Kalondu alipoondoka aliondoka kwenye karatasi zote, swali likabaki halina mtu, na baraza la mitihani likaamua kuwapa wote alama za bure isipokuwa Syokau, aliyeharibu mali ya baraza. Mulei alipita kwa alama hizo hizo. Alikwenda Mbooni kumpa Syokau pole na kumpelekea sukari, na Syokau akaipokea huku roho ikimuuma. Mchungaji akasema chumba kitamngoja mwaka mmoja, kisha kitawekwa mahindi.

Mwaka huo wote Syokau alikariri majibu ya baraza. Amwite mume, amsubiri mume: aliyasema akipika, akipanga foleni ya maji, hadi mama yake akadhani anatafuta mchumba.

Baraza nalo lilitengeneza swali lake. Liliandika kwamba shamba limeshachukuliwa, na kule Kyuso shamba likachukuliwa. Siku ya mtihani Kalondu alitoka kwenye karatasi amekonda. Kivuva akamsalimu kwa jina.

"Walinirudisha kwenye karatasi," Kalondu akasema. "Na mimi nilikuwa nimeanza kuvuna."

Syokau aliona uchungu. Kisha akainama akalizungushia duara jibu la kwanza, amwite mume. Kalondu alikuwa akiitazama kalamu.

"Ni sawa," akasema. "Wewe chukua cheti kwanza. Halafu nitakuja hapo Wote tuongee."

Syokau alipita vizuri kuliko wote. Chumba kilipofunguliwa, Kalondu alipanda basi alfajiri, akapanga foleni na wengine, akaingia, akaketi kwenye kiti kipya. Syokau alifurahi sana kumwona. Alimkumbatia, akamtilia chai, akamuuliza habari za watoto. Kisha akachukua kalamu, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Na mzee wako, umekuja naye?"

Kalondu alimaliza chai yake, akasema hapana. Syokau, ambaye alimpenda kwelikweli, akamwomba arudi naye Jumanne.