Siku Nne za Roma

Naandika haya kwa akina mama wenye mabinti walioolewa, hasa walioolewa na wanaume wa machimboni. Yamenipata mimi, Mama Generosa wa Didia, mwaka wa 1950, na sitaki yampate mwingine kwa sababu ya kunyamaza.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani usoni. Akiingia uani, mimi naingia jikoni. Nikimkuta njiani, nashuka pembeni majanini mpaka apite. Hatuli pamoja, jina lake silitaji, na nikiwa na neno la kumwambia namtuma mtu. Si ugomvi, ni heshima, ndivyo nilivyolelewa. Basi Marcel, mume wa binti yangu, sura yake niliijua kwenye picha ya harusi tu. Lakini kwa masikio nilimjua sana. Mtu usiyemtazama unamsikiliza. Nilijua hatua zake, nilijua anavyocheka kabla ya kumaliza maneno yake, na nilijua kifua chake.

Kifua nilikisikia mara ya kwanza Januari. Binti yangu Generosa alishikwa na homa, nikaenda Geita kumwuguza. Marcel alikuwa fundi wa kutoboa miamba chini ya ardhi katika mgodi mdogo wa dhahabu, mgodi ambao sasa umekwisha kufungwa. Generosa aliniambia kwamba mumewe hurudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi sikuliona vumbi, nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilisikia kikohozi. Hakikuwa cha mafua, kile cha juu juu. Hiki kilitoka chini, kikavu, kama mtu anayekwangua sufuria, halafu kimya, halafu pumzi inarudi kwa shida. Mjomba wangu alitoka machimboni na kikohozi kama hicho. Tulimzika kabla ya mavuno.

Nikamwambia Generosa, "Mumeo anaumwa kifua."

"Ni baridi ya kule chini, mayu," akajibu; mayu kwetu ni mama.

Nikaona basi, nimeshasema. Sikumtuma mtu kwa Marcel, sikumwambia ndugu yake, sikumwambia Padri. Mama mkwe kuzungumzia kifua cha mkwe wake niliona ni kama kumvua shati. Nikarudi zangu Didia kupalilia.

Mwaka ule ulikuwa Mwaka Mtakatifu, watu wa kanisa kutoka kila nchi wakienda Roma. Padri wa Geita alikuwa Mdachi, na wafadhili wa kwao walijitolea kupeleka mume na mke mmoja wa parokia, waliofunga ndoa kanisani na wanaojua kusoma. Wakachaguliwa Marcel na Generosa. Wangeondoka Novemba, kwa treni toka Shinyanga hadi Dar es Salaam, kisha kwa ndege pamoja na mahujaji wengine. Sala zikiisha, Padri angekwenda kumsalimu mama yake mzazi, na wao wawili wangebaki Roma siku nne wakimngoja, peke yao, katika nyumba ya masista.

Siku nne hizo ndizo zilizowachukua akili. Mambo ya misa walimwachia Padri.

Oktoba wakaja kukaa kwangu, kwa kuwa Didia si mbali na stesheni wala hospitali. Walikuja na Mabula, mdogo wake Marcel, kijana asiyenyamaza. Kila alasiri walitoa meza barazani wakafungua kitabu cha picha za Roma walichoazimwa na Padri. Mimi nilikuwa jikoni, ukuta ukiwa kati yetu, nikichambua mchicha.

"Siku ya kwanza tulale," akasema Generosa.

"Utoke Didia mpaka Roma, ukalale?" akasema Marcel. "Siku ya kwanza ni hapa, kwenye ngazi hizi. Tunapanda mpaka juu kabisa, tunautazama mji."

"Na viatu vile vya kufunga? Nitafika juu peku."

"Peku mjini Roma!" Mabula akadakia. "Shemeji, watasema mmetoka porini."

"Kwani hatukutoka porini?"

Wakacheka. Marcel akafunua ukurasa mwingine.

"Siku ya pili, hapa penye maji yanayoruka."

"Mbona hawa hawana nguo? Wanaoga hadharani?"

"Ni mawe hayo, mke wangu."

"Hata kama ni mawe. Aliyewachonga hana mama?"

Siku ya tatu walipanga wakale tambi hotelini, wameketi wakitazamana, meza moja. Generosa akauliza nani atapakua. Marcel akasema Mzungu ndiye atakayeleta chakula mezani.

"Mzungu atuletee chakula sisi?"

"Kule ndiyo kazi yake."

"Basi mimi nitamaliza sahani hata kama sijaipenda," akasema binti yangu, na Mabula akacheka mpaka akapiga meza.

Siku ya nne haikuwa na mahali. Marcel alitaka wapande gari la reli la mjini, Generosa alitaka watembee tu.

"Mtembee kwenda wapi?" akauliza Mabula.

"Popote. Ila anishike mkono."

"Mbele za watu?" Sauti ya Marcel ilishuka.

"Watu gani? Kule tuna shangazi?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akasema, "Nitakushika. Siku nzima nitakushika."

Mimi nilikaa katika ndoa miaka ishirini na sita, nikamzika mume wangu, na hakuna siku tuliyotembea sambamba. Yeye mbele, mimi nyuma na mzigo. Mchicha ulinishinda, nikauweka chini. Hapo ndipo Marcel alipoinuka haraka. Nikasikia hatua zake zikizunguka zizi la ng'ombe, na nyuma ya zizi akakohoa kile kikohozi, kirefu kuliko cha Januari. Na binti yangu pale mezani akaanza kusoma maandishi ya kitabu kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mpaka kikohozi kikaisha. Nikajua kwamba anajua.

Padri alikuwa ameleta agizo: kila msafiri apimwe na daktari wa serikali Shinyanga, hasa kifua, apewe cheti. Generosa alikwenda, akarudi na chake. Siku ya Ijumaa nikamsikia Marcel akimwambia ndugu yake, "Jumatatu utakwenda wewe. Vaa suti yangu, sema wewe ndiwe Marcel. Cheti hakiwekwi picha."

"Wakiniuliza umri?"

"Taja wangu."

"Wakiniuliza habari za mke?"

"Sema ni mzuri."

"Hilo nitalisema bila kufundishwa." Kisha Mabula akaacha utani. "Lakini kaka, wewe unaumwa kweli."

"Najua naumwa. Nikienda mimi, hatuendi. Nikirudi kutoka Roma nitajipeleka hospitali mwenyewe, naapa."

"Ni majuma matatu tu, shemeji," akasema Generosa. "Kifua kilichongoja mwaka mzima kitangoja majuma matatu."

Ujanja huo haukuwa mpya. Wanaume waliokuwa wakiandikwa kazi za machimbo walizoea kumtuma ndugu mwenye afya apimwe mahali pao. Waliona kama kuazimana koti. Lakini mimi niliwaza baridi ya Novemba kule Ulaya, na zile ngazi. Nikamwona binti yangu katika mji asikojua hata kuomba maji, ameshika maiti.

Asubuhi ya Jumamosi nikafanya wanavyofanya wanawake wa kwetu wakiwa na neno zito la mkwe. Nikaongea na kuku, kwa sauti ya kufika barazani.

"Wewe kuku, kifua kinakukwaruza hivyo, unataka kwenda nchi ya baridi? Ukifa huko nani atakufukia?"

 Kisha Marcel akajibu, naye kwa adabu akimwelekea kuku yule yule. "Kuku, mshukuru mwenye nyumba kwa huruma yake. Mwambie kuku hajafa, amechoka tu."

"Na mayai anataga," akasema Mabula.

Wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Nilitafuta wa kumtuma. Mabula yumo katika ujanja ule, Generosa naye yumo. Katekista wetu angesema ni mambo ya nyumba za watu. Jumapili nilikwenda kanisani, nikatoka bila kujua nini kilihubiriwa.

Jumatatu asubuhi Mabula alikuwa uani na suti ya kaka yake, akiijaza baiskeli upepo. Marcel alikuwa akimnyooshea kola. Nikatoka jikoni. Nikapita katikati ya ua nikasimama mbele ya mkwe wangu, hatua mbili.

Generosa alipiga yowe kama aliyeona nyoka. Marcel aligeukia ukuta akajifunika uso kwa kofia.

"Mama, rudi ndani. Tafadhali."

"Sirudi. Marcel, geuka."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake. Mabula aliiacha baiskeli ikaanguka.

"Mayu, umetuua," akasema Generosa. "Umetuua kwa aibu."

"Aibu haiui. Marcel, nasikia kifua chako tangu Januari. Mjomba wangu alikohoa hivyo, namjua mtu anayekwenda kufa. Ukimtuma huyu, nami nitakwenda hospitali kwa miguu, nimwambie daktari huyu ni Mabula."

"Mama, ni siku nne tu nilizomwahidi mwanao."

"Mimi nataka miaka."

 Marcel akateremsha kofia, akageuka. Hakufanana na picha ya harusi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hao wengine walimwona kila siku, hawakuona alivyobadilika. Akanitazama mara moja, akatazama chini.

"Vua suti, Mabula," akasema.

Alikwenda mwenyewe. Hakurudi siku ile. Walimpiga picha ya kifua wakamlaza, baadaye wakampeleka hospitali ya kifua kikuu mbali sana, akachomwa sindano kila siku kwa miezi. Roma walikwenda mwalimu Thobias na mkewe. Waliporudi, mke wa Thobias aliniletea rozari. Niliipokea, sikumwuliza habari za ngazi.

Wazee wa upande wa Marcel walidai mbuzi kwa kuwa nilimtokea mkwe na kulitaja jina lake. Ilikuwa haki yao, nikatoa mbuzi.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike. Msidhani naandika kujisifu kwamba nilimwokoa mtu. Nilipokwenda Shinyanga kumpelekea uji, daktari alisema nami kupitia kwa dresa wake, yule msaidizi wa kufunga vidonda aliyemtafsiria. Alisema vumbi la mawe halitoki, litakaa kifuani mpaka kufa. Lakini kifua kikuu kilichopanda juu ya vumbi, kama kingekamatwa mwanzoni mwa mwaka, pafu la kushoto lingepona. Sasa limekwisha.

"Nani aligundua kwanza?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

"Lini?"

 Nilisema nitaosha bakuli.

Marcel yu hai. Amerudi, anafundisha watoto katekisimu, na akitoka nyumbani kwenda kanisani hupumzika mara mbili njiani. Kutoboa miamba amekatazwa. Mimi naye tumerudia heshima yetu, yeye barazani, mimi jikoni. Hanisemi vibaya.

Aliyenisema ni Generosa. Mwaka jana tulikuwa tunang'oa karanga, nikamwambia ashukuru Mungu kwamba ana mume. Akang'oa mashina matatu manne kabla ya kujibu.

"Nashukuru," akasema. "Lakini ulisikia Januari, mayu. Miezi tisa uliiheshimu heshima. Ukaja kuivunja juu ya siku zangu nne."

"Wewe pia ulikuwa unajua."

"Mimi nilikuwa nampenda, niliogopa kujua. Wewe uliogopa nini?"

 Akajitwika kapu lake akatangulia nyumbani, na tangu siku hiyo hunisalimu na kunipikia, ila mambo anayoyapanga na mumewe huyasema wakiwa mbali na ukuta wangu.

Basi wewe ambaye mkweo anakohoa hivi sasa nyuma ya ukuta: ukikisikia kikohozi hicho mara ya kwanza, siku hiyo hiyo mtume mtu. Asipokwenda, tuma wa pili. Ukikosa wa kumtuma, toka wewe. Usingoje mpaka wawe wameshapanga safari.