Wimbo wa Matabishi

...na nikibonyeza basi umekwenda, hakuna kuurudisha, nyanya mteja akiikuta imeoza ataileta tena na kukugombeza, lakini wimbo ukishaingia kwenye flashi ya Papa Ndayisaba umeingia mji mzima, na yeye yupo hapo dirishani juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, magunia ya vitunguu yamepangwa nyuma yake hadi juu ya kichwa, spika nyekundu imefungwa kwa mpira wa tairi karibu na goti lake, anasema, Saidati, mama, iko bado? nasema, bado, Papa, kompyuta ni nzito leo, na kompyuta si nzito, kizito ni kidole changu, nyimbo thelathini na tisa alizochagua zimeshaingia zote, umebaki mmoja tu ambao hakuuchagua, wa matabishi, kwa sababu hapa kila anayeuza huongeza kitu kidogo juu, ukinunua karoti unaongezewa karoti, ukinunua makaa unaongezewa kipande, na kwenye kibanda hiki cha mjomba, ambapo kazi yangu ni kuwatilia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu, matabishi ni wimbo mmoja usioulipia, na kuanzia asubuhi hii wimbo huo ni wetu, wa bendi yetu, Majivu, ndivyo tulivyokubaliana jana, yaani wao walikubaliana na mimi nikanyamaza, na kwao kunyamaza ni kukubali.

Jack ndiye aliyeanza, Jack mpiga ngoma aliyekulia Kampala na anayezungumza kana kwamba ana basi la kuwahi, alisema roki hapa hakuna mtu anayeijua, tukingoja watu wanunue albamu ndipo wasikie, tutazeeka tumeikumbatia, tutoe wimbo mmoja bure, tena ule mpya, tena ule bora, mtu hawezi kuonjeshwa supu ya jana halafu aje kula kwako, na Igihozo wa gitaa la besi akamwambia, we Jack, umeshaona mtu anauliza jina ya karoti ya matabishi? inaingia mu sufuria na zingine, basi, tukiupana huu na kila mutu akikuwa nao, siku ya Jumamosi tukipiga pale ufukweni watakuja kufanya nini, kuangalia viatu vyako? na Bahizi akacheka mpaka gitaa likamponyoka, akasema yeye anakubali chochote maana mama yake mzazi alikuja kwenye mazoezi, akakaa saa nzima kwenye benchi, akauliza ni lini mtamaliza kutengeneza hivyo vyombo muanze kupiga, na wakabishana hivyo mpaka mvua ikaisha, wa zamani au mpya, bure au albamu, nani atakuja na nani hatakuja, na hakuna aliyenigeukia mimi ninayeuimba, mimi niliyeandika maneno yake, na laiti wangenigeukia ningesema nini, ningesema albamu itawafikia wale wanaotafuta roki, na hao ni wangapi, wanafunzi wachache, wahudumu wawili watatu wa hotelini, na hakuna hata mmoja wao anayempelekea Baba nguo ashone, lakini cha bure hakimuulizi mtu kama anakitaka, kinamkuta alipo, kitamkuta Baba amekaa barazani kwake mbele ya cherehani, hatua mia mbili kutoka hapa, upande huuhuu wa njia, na hakuna mkokoteni wala baiskeli wala mwanamke mwenye beseni kichwani anayeweza kufika Petite Barrière, pale mpakani, bila kupita mbele ya baraza ile.

Saidati, anasema Papa Ndayisaba, musururu ya mupaka iko natembea, ona, wale ba mama ya Cyanzarwe wamesha pita, mi nitafika kule soko ya Goma vitunguu vimeota, nasema, dakika moja tu, Papa, ni ile ya matabishi, anasema, matabishi gani, nasema, wimbo, ni mpya, ni bure, anakunja uso kama aliyepewa sarafu asiyoijua, anasema, kama iko muzuri, juu ya nini unaitoa bure? na watu waliosimama nyuma yake wanacheka, na mimi nacheka, lakini kidole sikibonyezi, kwa sababu namjua, akishachomeka flashi hangoji, ataifungua sauti yote kabla hajafika kwenye kona, na faili letu nimeliwekea namba moja, Jack aliniagiza hivyo, lipe namba moja liwe la kwanza kulia, kwa hiyo kitakachotangulia kufika kwa Baba ni sauti yangu, gitaa la Bahizi mara mbili kisha mimi, fundi alishika mkasi, fundi akakata sare yangu, hakuniuliza, hakuniuliza, hakuniuliza, na kila fundi pale barazani atainua kichwa, wapo watano, na wote wanajua kuna fundi mmoja tu mwenye binti aliyeacha shule na kuimba... Baba anajua kwamba ninaimba, hajui ninaimba nini, hajawahi kuuliza na mimi nimemshukuru kwa kutouliza, na sasa ataambiwa na spika ya mbeba vitunguu, mbele ya watu, mguu ukiwa kwenye kanyagio, nao utasimama, najua utasimama, na cherehani ya Baba ikisimama katikati ya mshono barabara yote husikia ule ukimya, siku Mama alipoanguka ilisimama hivyohivyo, nilikuwa nimetoka shule, kidato cha pili, begi lingali mgongoni, nikamkuta Mama chini mlangoni, upande mmoja wa mdomo wake haumtii, na mkono haumtii, na Baba amesimama ameshika kipande cha kitambaa hajui akiweke wapi.

Walisema ni kwa muda mfupi tu, hadi Mama aweze kukaa, nikawa namgeuza, namwogesha, namlisha uji kwa kijiko kidogo, akaweza kukaa, wakasema hadi aweze kusimama, akasimama, na wenzangu walikuwa wamekwenda mbele mwaka mzima, halafu miwili, na mjomba akasema njoo unikalie kibandani, na mwezi ule Umwali, mdogo wangu, akafaulu kuingia sekondari, shule ileile, sketi ya buluu ileile, na usiku haukupita... hapana, ilikuwa mchana, kwa nini nasema usiku, kwenye wimbo ndiko tulikoweka usiku kwa sababu Bahizi alisema usiku unakaa vizuri na gitaa, ilikuwa mchana baada ya sala ya adhuhuri, jua limeingia hadi katikati ya baraza, na sketi yangu ilikuwa juu ya meza, ipunguzwe imtoshe Umwali, na Baba alikuwa na chaki sikioni, na mkasi, alishika mkasi, hilo ni kweli, hilo sikulitunga, alishika mkasi akaikata, nami nilisimama pale naangalia vipande vya pindo vinaanguka, na hakuni...

Mama, unalala? mi niko hapa, anasema Papa Ndayisaba, na anapiga dirisha kwa kucha, nasema, silali, Papa, na kwa kweli ningependa niwe nalala, kwa sababu kitu kimenijia hapa kifuani ambacho hakikuwepo tulipokuwa tunarekodi, ile tepu ya kupimia, ya njano, namba zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwa, Baba aliizungusha kiunoni kwangu, mbona nilikuwa nimeisahau, aliizungusha taratibu, akainama kusoma, akasema, Saidati, sketi bado inakutosha, utaivaa tena? sema tu, mwanangu, Umwali nitamtafutia kitambaa kingine, alisema hivyo, nasikia sauti yake kama ninavyomsikia huyu wa dirishani, na mimi nikasema nini, nikasema, kata tu, Baba, imeshanibana, na tepu ilikuwa bado kiunoni kwangu, imelegea kwenye kipimo cha sketi, tuliiona sote wawili imelegea, akanitazama kidogo, nikatazama cherehani, akasema haya, akaniomba nimshikie kitambaa upande wa pili kisiende mshazari, nikashika, kwa hiyo hivyo vipande vilivyoanguka vilianguka mbele ya mikono yangu mwenyewe, nilikuwa nimekishika kitambaa nimekivuta vizuri ili akate.

Aliniuliza... Ya Rabi, aliniuliza, na mimi nikakataa shule kwa mdomo wangu kwa sababu nilimwona Mama pale kwenye mkeka anajaribu kufunga kitufe kwa mkono mmoja, nikajiambia nikisema ndiyo nani atabaki naye, na sikumwambia Baba hivyo, nikasema imenibana, kisha miaka miwili baadaye katika chumba cha mazoezi Jack akapiga ngoma sita nzito na Bahizi akasema hapo panahitaji neno la hasira, roki bila hasira ni kwaya, na mdomo wangu ukasema hakuniuliza, na Igihozo akafumba macho akatikisa kichwa, akasema hiyo, hiyo ndiyo, na nikafurahi, nilifurahi sana siku ile, sikuwahi hata kujaribu kuimba aliniuliza, na kumbe nimekaa asubuhi nzima naogopa Baba atagundua kwamba nina uchungu naye, kumbe uchungu sio utakaomsimamisha mguu kwenye kanyagio, ataukubali, ni mtu wa kukubali, kitakachomsimamisha ni kwamba yeye anakumbuka, yeye hajaisahau tepu, atasikia binti yake anamzulia mbele ya mafundi watano, mara tatu, kwa sauti nzuri, na wenzake wakimuuliza, huyo si wako? atasema, ni wangu, atainama, ataendelea kushona, na jioni atanikaribisha chakula kama kila siku, na hilo ndilo siwezi, ningeweza kupigwa, ningeweza kufukuzwa nyumbani, lakini kukaribishwa chakula siwezi.

Niufute, basi, niufute hapahapa, nimwambie Jack umeharibika, halafu itakuwa nini, uko kwenye albamu vilevile, Jumamosi nitauimba vilevile, utakuwa uongo ule ule, ila wa kulipia, na utazunguka polepole na siku moja utafika barazani bila mimi kujua saa wala dakika, na mimi nitakuwa naogopa kila spika inayopita njia hii, kila pikipiki, kila harusi, maisha yangu yote nimeinamisha kichwa nikisikiliza kama ni gitaa la Bahizi... na ni wimbo mzuri, Mungu anisamehe, ni wimbo mzuri kuliko yote tuliyonayo, Jack hakukosea hapo, ukiusikia mara moja huwezi kuuweka chini, ndiyo maana unatisha.

Saidati, anasema, na sasa hacheki tena, bon, kama hiyo matabishi iko nasumbua, uiache, unipe flashi yangu niende, mi sina shida na wimbo moja, na anaingiza mkono dirishani, kiganja kimekomaa kwa kuzungusha ile mikono ya baiskeli, anangoja, na nyuma yake mtu analalamika, na mshale kwenye kioo cha kompyuta uko palepale ulipokuwa, na kidole changu palepale, nasema, bado, Papa, lakini safari hii sikutaja kompyuta, na yeye ameona, anatoa mkono, anasema, haya, mama, nangoja basi, mi niko, na kutoka hapa hadi kwa Baba ni hatua mia mbili, yeye na magunia yake hataenda upesi, nikishabonyeza na kumpa flashi yake mimi bila mzigo nitamtangulia, nitafunga mlango wa kibanda, mjomba na aseme atakavyo, nitasimama mbele ya cherehani kabla baiskeli haijafika, nitasema, Baba, kuna wimbo unakuja, ni sauti yangu, maneno yake si kweli, uliniuliza na mimi nikakudanganya, na sijui atanijibu nini, sijui kama atainua uso au ataniomba nimtungie sindano uzi kana kwamba hakusikia, hofu haijapungua hata kidogo, ila tangu alfajiri ilikuwa njia nzima, ilikuwa mpaka wote na Goma yote, na sasa imekwenda kukaa mahali pamoja, pale barazani, kwa mtu mmoja, na huko ninaweza kufika kwa miguu.