Mume Aliyetoka Kwenye Ufa

Leokadia alikuwa amechuchumaa mlimani akigonga magwangala, yale mawe yanayomwagwa nje ya mgodi kama taka, alipoona vidole vya mumewe vikitokeza kwenye ufa wa mwamba. Alivijua kwa kovu lililo kwenye gumba. Akaweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye sketi, akaita.

"Eulojia, njoo. Hilario anatoka."

Eulojia, mwenzake wa kugonga mawe, alikuja akitafuna majani yake ya koka ya kuzuia njaa na baridi, akainama kuchungulia. "Amekuwa mwembamba kama utambi! Na kile kitambi alichokuwa akiringia?"

"Kinakuja nyuma," alisema Leokadia.

Tangu jana yake alijua kwamba Hilario yumo ndani. Don Abundio, mkandarasi wa shimo lile, alikuwa amezima feni kubwa ya kusukuma hewa ili abane matumizi ya dizeli. Wanaume wengine walitoka mbio. Hilario hakutoka, maana ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Huku kwetu mtu huchimba mwezi mzima bila mshahara, na siku hiyo moja huruhusiwa kuondoka na mawe yoyote anayoweza kuyabeba, yawe na dhahabu au yawe mawe tu. Hilario alikwenda hadi mwisho wa handaki kuchagua jiwe lake, na hewa ikamwishia huko huko.

Leokadia alifika mlangoni mwa mgodi na tochi, wanaume wakamzuia. Mwanamke haingii mgodini. Mgodi wenyewe ni mwanamke, na una wivu. Hata yeye aliliamini hilo, na ndilo lililomuuma zaidi. Wanaume nao walikataa kuingia. Akarudi kwenye mawe yake, akawa anayagonga huku analia.

Muuguzi Yovana wa zahanati alipanda na mkoba wake, akamtazama Hilario kwa tochi ndani ya ufa.

"Seli zake zimekosa oksijeni," alisema, kama mtu anayetangaza kwamba leo kuna mawingu. "Hewa ikiwepo, seli zinakaa zimeshikana. Ikipungua, zinaachiana. Kila moja inabadilika umbo, inajirefusha, inaanza kutambaa kivyake ikitafuta pa kupumulia. Mwache aje mwenyewe. Mkimvuta atakatika."

Leokadia akatandika blanketi la sufu. Hilario alichuruzika mchana kutwa kama uji mzito: mkono wa kushoto, bega, sikio, kile kitambi. Kila kipande kilipoguswa na upepo kilijikusanya na kuwa mtu. Mdomo ulichelewa, na ulipofika ukauliza kama kuna viazi.

"Ndiye mwenyewe," Eulojia alisema.

Lakini mkono wa kulia haukutoka. Leokadia alipapasa ufa, hakupata kitu.

"Umeshika jiwe," Hilario alisema kwa aibu. "Jiwe zuri sana. Nimeuambia uliachie, haunisikii tena."

Jiwe lisingeweza kupita kwenye ufa, na mchimbaji asiye na mkono wa kulia hana kazi mlimani wala bondeni. Yovana akasema mkono ukipata hewa ya kutosha utalegea, na mtu ataweza kuingia kuuchukua. Kwa hiyo Don Abundio alipokuja, amevaa jaketi lake la ngozi, Leokadia hakumtukana. Angewezaje? Huyo ndiye aliyemsimamia binti yao ubatizo, na tangu siku ile waliitana kumpadre na kumadre, kwa heshima.

"Kumpadre, nakuomba, washa feni. Kidogo tu, mkono upumue."

Don Abundio alimzunguka Hilario, akambonyeza bega, kisha akapima ufa kwa shubiri yake.

"Kumbe mtu anaweza kutoka mwenyewe?"

"Kwa maumivu, kumpadre."

"Lakini anatoka." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Huo mkono usikutie wasiwasi, kumadre. Umo ndani ya shimo langu, kwa hiyo uko kazini."

Asubuhi lori lilikuja kuchukua feni. Don Abundio alikuwa ameiuza.

Hapo ndipo Leokadia alipopigwa na butwaa. Mume kutoka kwenye ufa, hilo alikuwa amelipokea. Mlimani mtu huona mengi. Lakini alipoiona ile feni ikifungwa kamba ili iondoke, alikaa chini kwenye barafu ya mlimani mdomo wazi.

"Kumpadre!" alipiga kelele. "Si wewe uliyempakata mwanangu kanisani?"

"Na nikirudi namletea viatu," Don Abundio alijibu kutoka juu ya lori. Akashuka, akambusu Leokadia shavuni, akapanda tena.

Jumatatu mwezi mpya wa kazi ulianza, wanaume wakaingia mgodini bila feni. Hilario aliingia mbele yao, kuufuata mkono wake. Wake zao walipanda mlima na mablanketi, wakagombania nyufa zilizo karibu na njia. Mke mmoja, ambaye harusi yake ilikuwa bado haijasahaulika, alibaki na ufa usiotakiwa na mtu, mwembamba kuliko yote.

"Dada," alimuuliza Leokadia, "mume wangu ni mtu mpana. Ufa huu utamtosha kweli?"

Leokadia alikuwa akinyoosha blanketi lake. Hakuinua uso.

"Utamtosha," alisema. "Hewa ikiisha, wanatosha popote."