Mtu wa Foni Akisimama

Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mimi nilikaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mwaka 1999 hapa Baraka, mashariki mwa Kongo, simu haikuwapo. Tulikuwa na foni, redio ya kuitana na Uvira, Fizi na Kalemie, na anayeita hakwambii ataita saa ngapi. Ukienda kunyoosha mgongo, ndipo Kalemie anaita.

Mwezi wa pili risasi zililia upande wa barabara ya Fizi. Nikasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka. Mke wangu Godelieve, mtoto mgongoni, binti yetu Aline mkononi, unga kichwani, aliutupa unga, akaniburuta kwa kola ya shati hadi njia ya Lweba, kijiji tulichokimbilia. Tulipofika hakunipa pole.

"Leo nimetupa unga," alisema. "Siku ingine nitatupa nini, Bona? Mutoto?"

Swali lile lilinitisha kuliko risasi.

Muuguzi Fabien alinipa dawa isiyouzwa: kila saa inuka, zunguka nyumba mara tatu upesi, mikono juu, pumua polepole, sikiliza mwili. Mwili wangu ulikuwa na mengi ya kusema. Jumatatu saa mbili asubuhi nikatoka, mikono juu, mwendo wa haraka. Nilikuwa katika mzunguko wa pili nilipomwona jirani yetu Adolphine akipita na godoro kichwani. Nyuma yake walifuata mbuzi, sufuria, na mwalimu na darasa zima. Sikuuliza. Nilikimbia nami.

Huko Lweba watu wakanizunguka.

"Papa Bona, bako wapi?"

"Banani?"

"Si we ulitoka ku foni mikono juu?"

"Mi nilikuwa nanyoosha miguu. Niliona munakimbia, nami nikakimbia."

Watu kama mia mbili walinitazama. Halafu mvua ikanyesha.

Mama Dorothée, mkuu wa mtaa, aliitisha mkutano wenye hoja moja: miguu yangu.

"We ndiye unasikiaka wa kwanza," aliniambia. "Ukisimama, quartier yote inakimbia. Basi ikala ku kiti."

Godelieve akainuka. "Na vita ikikuja, nani atamubeba?"

Walijadili kwa saa mbili, wamekaa. Ikaamuliwa nitengenezewe tipoi, kile kiti cha mabegani ambacho babu zetu walimbebea mzungu. Wanaume wanne wakateuliwa kunibeba. Walininyanyua kwa majaribio. Mmoja wao, Wilfried, aliomba nipunguze ugali.

Sikuwaamini hata kidogo. Dirisha la foni lilionyesha kichwa na mabega tu. Chini ya meza palikuwa pangu. Visigino juu, visigino chini. Vifundo nikavizungusha kulia, kushoto. Nikimsubiri Uvira, nakaza mapaja, nahesabu kumi, nalegeza. Niliinua makalio kidole kimoja juu ya kiti, kila saa, miezi sita, na mtaa mzima haukujua.

Mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, Fizi akaita: wenye bunduki wamepita kwake, wanakuja kwetu, anazima redio. Nikapiga kelele dirishani. Mtaa ukaondoka. Tipoi yangu ilipita mbele yangu mbio, imebebwa na wanne wale wale, imepakia magunia mawili ya mihogo na mbuzi mmoja. Wilfried hakugeuka.

Godelieve alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, Aline mkononi, unga kichwani. Aliiangalia miguu yangu.

Nikainuka. Miguu ikashika. Nikatembea hadi mlangoni, nikamtoa Aline mkononi mwa mama yake, nikamshika mimi. Alikuwa na miaka sita, vita alikuwa amevikimbia mara nne, na hata mara moja hakuwa amekimbia akiwa ameshikwa na baba yake. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Nililia njia nzima hadi Lweba, na sikuona aibu.