Mzee Iwase na Joho la Samawati

Chizuru aliitazama picha, akamtazama baba yake, kisha akakaa kwenye kapeti. Atupele, aliyeibeba picha hiyo kwenye treni kutoka kwake Minto hadi hapa Toongabbie, upande mwingine wa Sydney, akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga, alibaki amesimama na karatasi ya kufungia mkononi, asijue kosa lake ni lipi.

"Nani amekuambia uchore hii?" Chizuru aliuliza.

"Baba yako. Ameniagiza mwenyewe."

Mzee Iwase alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, viganja juu ya magoti, ametulia tuli.

Atupele alikuwa binti wa Tukuyu aliyekuja Sydney kusoma, masomo yakaisha, akabaki kufanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala moja la Minto. Uchoraji ndio uliokuwa ukimpa pumzi. Alinakili kwa mkono picha za kale za waigizaji wa kabuki, ile tamthilia ya Wajapani ambayo wanaume hucheza hata nafasi za wanawake, nyuso zimepakwa weupe na nyusi zimechorwa upya. Zamani picha hizo zilichapwa kwa vibao vya mbao, zikauzwa kwa mashabiki. Atupele hakuwa na vibao. Alikuwa na brashi na subira, na Jumamosi aliziuza sokoni Fairfield.

Huko ndiko mzee Iwase alikomkuta. Aliinamia picha moja kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu umempatia macho." Jumamosi iliyofuata alirudi na picha ya zamani iliyofungwa kwenye kitambaa: mwigizaji amepiga magoti, amevaa joho la samawati iliyopauka, shanga za sala mkononi.

"Ninakilie hii," alisema, "ila uso uwe wangu. Na hapa juu paache wazi."

Katika ujana wake alikuwa mwigizaji wa kikundi cha kijijini kwao. Atupele akadhani ni mzee anayetaka kumbukumbu yake, akakubali kwa furaha. Basi kila Jumatano, siku ya mapumziko ya Atupele, mzee alipanda treni hadi Minto, akakaa jikoni kwake, akachorwa.

Sasa Chizuru aliweka kidole kwenye ile sehemu iliyoachwa wazi. "Unajua hapa huandikwa nini? Siku aliyokufa. Picha za namna hii zilichapwa mwigizaji anapofariki. Hii rangi ni rangi ya msiba."

Atupele aliiweka karatasi ya kufungia sakafuni. "Sikujua," alisema. "Mzee amekuwa akija kwangu kila Jumatano, nikadhani..."

"Jumatano?" Chizuru aliinuka taratibu. "Jumatano baba yuko hospitali. Anatiwa dawa ya saratani. Gari la hospitali huja kumchukua."

Wote wawili wakamgeukia mzee. Alijibu kwa Kiingereza, ili kila mmoja asikie.

"Hakuna gari. Niliacha dawa tangu Pasaka. Nilimwomba daktari asikwambie."

Chizuru hakulia. Alichukua mkoba wa Atupele kutoka kwenye kiti, akamkabidhi, akafungua mlango.

"Mimi nilikuwa kazini nikijua baba yangu anatibiwa," alisema. "Kumbe wewe ulikuwa unampimia sanda."

Atupele alipitiliza kituo chake hadi Campbelltown bila kujitambua, ikabidi apande treni ya kurudi. Nyumbani alimkuta Wilkister, nesi kutoka Kenya waliyepanga naye nyumba, akipiga pasi sare yake. Akamsimulia yote, akiwa bado amevaa koti.

"Hukujua," Wilkister alisema. "Na hata ungejua, mtu mzima akikataa dawa hakuna wa kumlazimisha. Hao nawaona job kila siku."

"Nilimpa maandazi, Wilkister. Nikamwambia akae wima, ainue kidevu. Mtu anakufa mbele yangu, mimi namwambia kidevu juu."

Wilkister alizima pasi, akaketi kando yake.

Atupele hakugusa brashi wiki ile. Jumatano ilipofika alijikuta ameketi jikoni akiutazama ukuta. Kengele ya mlangoni ililia, akaenda kufungua. Chizuru alikuwa kizingitini, amemshika baba yake mkono.

"Nimemwomba, nimemfokea, nimempigia magoti," alisema. "Amekataa kurudi hospitali. Basi nataka kuona huwa mnafanya nini."

Mzee aliketi pale pale alipozoea, akachukua andazi. Atupele alimwomba amwonyeshe binti yake namna alivyokuwa akiingia jukwaani.

"Kuingia kama nani?" Chizuru aliuliza.

"Kama mwanamke," mzee akajibu. "Sikuwahi kucheza nafasi nyingine."

Alisimama kwa kujikongoja. Akabana magoti, akashusha mabega, akainamisha shingo kidogo, akaanza kuvuka sakafu ya jikoni ameshika mwavuli usiokuwepo. Ugonjwa ulikuwa umemkausha, lakini aliyepita mbele yao alikuwa msichana anayeionea haya mvua. Chizuru aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Maisha yake yote alimjua baba huyu kama fundi bomba wa maneno machache, aliyerudi nyumbani na matope kwenye viatu.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Mama yako alikuwa akiona aibu kwamba nilicheza mwanamke," mzee alisema, akashika meza. "Halafu akafariki hospitalini, na wewe ukawa na huzuni nyingi. Nikaona hili si la kukuongezea."

Hapo ndipo Chizuru alipolia, na mzee akabaki amesimama kando yake, akimpapasa nywele kwa woga, kama asiyejua kama ameruhusiwa.

Chizuru aliomba likizo kazini. Walikuja Minto pamoja kila Jumatano hadi mzee aliposhindwa kupanda ngazi za stesheni, kisha Atupele akawa ndiye anayekwenda Toongabbie. Mzee alifariki kitandani kwake kabla majira ya baridi hayajaisha, asubuhi, binti yake akimsugua miguu.

Siku ya mazishi Chizuru alimshika Atupele mkono, akamketisha na jamaa. Baadaye akajitolea kumrudisha Minto. Walikaa garini, waombolezaji wengine wakiondoka mmoja mmoja.

"Zile Jumatano kabla sijaja," Chizuru alisema, "alikuwa anaongea nini?"

Atupele alifikiri. Akamweleza kwamba mzee alilalamika kila mara kuwa maandazi yake hayana chumvi, na kila mara akaomba mengine. Kwamba aligombana na ndege waliopiga kelele uani. Kwamba siku moja alisinzia amekaa, akazinduka akiita jina la Chizuru, akaomba radhi, akaendelea kukaa wima.

Chizuru aliwasha gari, kisha akalizima tena.

"Endelea," akasema.